Nguo Juu ya Nguo Wakati wa Masika na Kusi



Wageni wengi wajao Unguja huteremka bandarini Malindi, hujifuta jasho, husema, "Nchi hii haina baridi." Nasi huitikia kwa adabu, maana mgeni si mtu wa kubishana naye mlangoni. Walakini mama amwamshaye mtoto wake alfajiri ya mwezi wa Aprili, mvua ikipiga mabati, akamvika shati lile lile lisilokauka tangu jana, yeye ajua kuwa baridi ipo. Ajua pia mvuvi wa Nungwi arudiye usiku wa Julai, kusi ikimpiga kifuani. Wajua wanawake wa Paje na Jambiani watokao majini katika mashamba ya mwani, midomo ikiwatetemeka hata salamu haitoki sawasawa. Baridi yetu si ya theluji. Ni baridi ya maji na upepo, na kwa kuwa haijitangazi kama ile ya Ulaya, watu hawajiweki tayari kwa ajili yake.

Mwezi huu basi twapenda kusema nanyi habari ya mavazi: jinsi ya kuvaa nguo juu ya nguo mtu atokapo nje katika mvua na upepo. Yamkini wengine watacheka na kusema, "Je, gazeti la kanisa lafundisha watu kuvaa fulana?" Naam, lafundisha. Katika nyumba zetu nyingi jambo hili si la urembo hata kidogo. Mtoto atetemekaye haisikii hesabu. Mkulima aliyekufa ganzi vidole hafungi fundo, na asipofunga fundo siku ile hana ujira. Tena dawa yake si ghali, kwa maana sehemu kubwa ya nguo zitakiwazo zimo sandukuni tayari. Kinachopungua ni kujua ipi itangulie na ipi ifuate.

Na tuanze na baridi yenyewe, hutupataje. Joto la mwili wa mtu mzima wa afya ni kama digrii 37. Likishuka ndani chini ya digrii 35, mtu yumo hatarini: hutetemeka sana, mikono hukosa utii, maneno humchanganyikia, na baridi ikizidi, kutetemeka hukoma, akataka kulala. Sasa usiku wa Julai hapa Unguja hewa hushuka hata digrii 21 au 20, wala si zaidi ya hapo mara nyingi. Mtu aliyekavu nyumbani mwake hawezi kudhurika kwa hewa hiyo. Lakini maji huchukua joto la mwili upesi kuliko hewa iliyotulia, kiasi cha mara 25. Bahari ya mwezi wa Agosti yenye digrii kama 25, ambayo mtalii huiita vuguvugu, kwa mtu asimamaye ndani yake saa tatu au nne ni mwizi wa taratibu.

Tena tazameni mtungi wa maji uliopo barazani. Mwalimu yeyote aweza kuwaonyesha wanafunzi wake. Udongo wake huvuja kidogo kidogo, unyevu hutoka nje, upepo huukausha, na kila unapokauka huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo sababu maji ya mtungini ni ya baridi hata jua likiwa kali. Basi mtu aliyelowa akasimama katika kusi amekuwa mtungi. Shati lake ni ule udongo wenye unyevu, upepo walikausha, na joto linaloondoka ni lake mwenyewe.

Jambo la pili ni kwamba nguo haina joto lake yenyewe. Litieni sweta sandukuni usiku kucha, asubuhi litakuwa baridi kama sanduku. Kitutiacho joto ni hewa iliyoshikwa katika nyuzi, na kati ya nguo na nguo, isipate nafasi ya kwenda zake. Kuku amelijua jambo hili kabla yetu: mvua ikinyesha hujikunyata chini ya ukingo wa nyumba na kuvimbisha manyoya yake, apate hewa nyingi ndani yake. Kwa hiyo nguo mbili nyepesi, zikivaliwa moja juu ya nyingine, aghalabu zashinda moja nene, maana kati yake pana hewa ambayo haikununuliwa dukani. Na nguo ikilowa, maji huingia mahali pa hewa ile, na kazi yote yaharibika.

Wanawake wa mwani twawataja kwanza, kwa kuwa wao wamejifunza habari hii kwa miili yao bila kufundishwa na mtu. Kilimo cha mwani cha kuuza kilianza Unguja mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima wake tangu siku hizo ni wanawake. Kazi hufuata maji ya bamvua, mwezi uandamapo na mwezi uwapo mpevu, bahari irudipo mbali na kuyaacha mashamba ya vijiti na kamba. Wao huingia maji ya magoti, wakati mwingine ya kiuno, wakainama saa nyingi kufunga miche na kuvuna. Tazameni wavaavyo: suruali ndefu ndani, gauni juu yake, fulana ya mikono mirefu, kanga kiunoni, mtandio kichwani, na soksi nene au viatu vya mpira kwa ajili ya miiba ya baharini. Mgeni hudhani ni stara tu. Stara ipo, nasi twaiheshimu, iwe ya jirani zetu Waislamu au ya dada zetu wenyewe; lakini nguo hizo zina kazi nyingine pia. Huzuia jua na chumvi, na zile zibanazo mwili hushika maji machache karibu na ngozi. Maji hayo yakiisha kupashwa moto na mwili hayakimbii upesi. Siku hizi tena kuna waliokwenda maji marefu zaidi, kwa sababu ule mwani uitwao kotonii, wenye bei nzuri, umekuwa ukifa katika maji mafupi yaliyozidi joto. Na huko nguo hulowa hata kifuani.

Wakati mbaya kwao si ule wa kuwa majini. Ni ule wa kutoka. Mama atoka ufuoni, nguo zote zimelowa, kusi yavuma moja kwa moja kutoka baharini, naye ana mwendo mrefu hata nyumbani, na pengine gunia la mwani kichwani. Hapo ndipo anapokuwa mtungi. Shauri letu kwa hao ni dogo: kila mmoja aache ufuoni, chini ya mnazi au kwa mtoto mkubwa, fulana moja kavu na doti moja ya kanga iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Atokapo na aanze na nguo za juu, kifua na kichwa, mkono ungali na nguvu za kufungua kifungo. Asitembee kwanza kwa kuona haraka ya kufika nyumbani. Wanawake wawili wakishika kanga pande mbili wamekwisha kupata chumba cha kubadilia.

Wavuvi nao. Usiku wa giza hutoka na taa kutafuta dagaa, wakarudi alfajiri, na saa nyingi za katikati hukaa tu chomboni, wakingoja. Mtu akaaye bila kazi huingiwa na baridi upesi kuliko avutaye kasia. Wengi wao huvaa makoti ya mitumba, makubwa, yenye kofia nyuma, yaliyoshonwa kwa ajili ya theluji za watu wa Oslo na Berlin. Na kwa kweli ni jambo la kuchekesha na la kupendeza pamoja, kumwona mzee wa Mkokotoni ameketi tezini katika koti ambalo mwenyewe wa kwanza alilivaa akienda kuteleza barafuni. Lakini koti hili mara nyingi huvaliwa juu ya kifua kitupu. Wimbi likilimwagia mara moja, pamba iliyojazwa ndani hunywa maji, koti huwa zito, wala halikauki usiku ule. Ingekuwa heri mtu avae fulana, kisha sweta la sufu au la poliesta, kisha juu yake koti jepesi la mvua lisilopitisha maji. Yote matatu hayana uzito wa lile koti moja. Na katika kila chombo iwepo ndoo yenye kifuniko cha kubana, ndani yake sweta moja kavu, lisivaliwe ila kwa haja. Kuna wajitiao joto kwa pombe. Pombe huipa ngozi joto kwa kuitoa damu ndani na kuileta nje, ambako baridi huinyang'anya. Mtu ajiona amepona kumbe amepungukiwa.

Hatuwezi kuitaja bahari ya kusi tusiwakumbuke walioangamia katika meli ya Spice Islander, tarehe 10 Septemba 2011, karibu na Nungwi, na katika meli ya Skagit, tarehe 18 Julai 2012, karibu na Chumbe. Misiba yote miwili ilitokea katika msimu wa upepo huo, na waliookolewa kwa Spice Islander wengine walikaa saa nyingi majini wakishika chochote kilichoelea. Kwa hiyo twasema wazi: msafiri wa kwenda Pemba au Dar es Salaam wakati wa kusi avae nguo zake mwilini, asizifunge zote katika furushi; akatafute mahali lilipo jaketi la kuokolea kabla chombo hakijang'oa nanga; na ikimpasa kuingia majini, avue viatu vizito, asivue shati wala sweta. Watu hudhani nguo huvuta chini. Ndani ya maji hazina uzito mwingi, nazo huchelewesha baridi.

Turudi nchi kavu, kwa mavazi yenyewe. Nguo ya kwanza, ile igusayo ngozi, kazi yake ni kuiacha ngozi kavu. Ya pili hushika hewa. Ya tatu huzuia upepo na mvua. Hayo si mageni kwetu. Babu zetu walivaa fulana chini ya kanzu, na wenye uwezo wakaweka joho la sufu juu yake lililotoka Uarabuni. Na kanga hadi leo huuzwa kwa doti, mbili mbili, moja ya kiunoni na moja ya mabegani. Wachukuzi na watu wa mashamba walikuwa na hekima yao: gunia tupu likitumbukizwa pembe moja ndani ya ya pili huwa kofia na joho kwa mara moja, likamfunika mtu kichwa na mgongo. Gunia halizuii mvua ya saa nzima, lakini hupunguza upepo, tena mikono yabaki huru kwa jembe, jambo ambalo mwavuli haulijui. Mwavuli ni wa vichochoro vya Mkunazini na Hurumzi, ambako upepo hukatwa na kuta. Na huko pia mwenyeji hupita juu ya mabaraza maji yakijaa njiani, ndivyo yalivyotumika tangu zamani. Ukiufungua mbele ya bahari Forodhani siku ya kusi, utaukimbilia hata Shangani.

Juu ya pamba tuna neno. Pamba ni rafiki wa jua na adui wa masika. Hunywa maji mengi, huyashika, hukauka polepole. Fulana ya pamba yafaa kwa mtu wa barazani. Kwa mtu afanyaye kazi mvuani, sufu ni bora sana, maana hata ikilowa nyuzi zake hazilali zote, hubaki na hewa kidogo na joto kidogo. Poliesta haina fahari, nayo hunuka jasho upesi, lakini hainywi maji. Ikikamuliwa na kukung'utwa yavalika. Makoti ya mpira, ambayo asili yake ni kitambaa cha Charles Macintosh wa Scotland, mwaka 1823, huzuia mvua kabisa na kufungia jasho vilevile. Alimaye ndani yake hulowa kutoka upande wa pili. Ayafungue shingoni, na apumzikapo ayafunge. Siku hizi viko vitambaa vinavyozuia tone la mvua na kuupitisha mvuke wa jasho, ila bei yake ni ya watalii. Vikionekana katika mitumba, mnunueni bila kujadiliana sana.

Jasho ni maji. Hili wengi husahau. Mtu atokaye asubuhi na nguo tatu kulima, akaona joto, asingoje hata fulana ishikane na mgongo. Avue ile ya kati mapema, aiweke pakavu, aivae tena akaapo chini kula. Faida ya nguo nyingi nyepesi ni hiyo hasa, kwamba zaweza kuongezwa na kupunguzwa, na koti moja nene halina ila kuvaliwa au kuvuliwa.

Mwalimu mmoja alituuliza kama Bwana wetu hakuwakataza wanafunzi wake kuvaa kanzu mbili, kama ilivyoandikwa katika Marko, sura ya 6. Aliwakataza, ni kweli, katika safari ile, wapate kutegemea ukarimu wa nyumba zitakazowapokea; nyumba zile zilikuwa na moto na mahali pa kulala. Hakuwaambia wawavue watoto wao sweta. Mtume Paulo naye, akiwa kifungoni, ampasha habari Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, kisha amhimiza ajitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Hakuona haya kuliweka joho pamoja na vitabu katika waraka. Na yule mwanamke mwema wa Mithali, sura ya 31, asifiwa kuwa haiogopi theluji kwa ajili ya watu wa nyumbani mwake. Sababu yake husomwa namna mbili: Kiebrania chasomwa kuwa amewavika nguo nyekundu, na tafsiri ya kale ya Kilatini yasema amewavika nguo mbili mbili. Hatuwezi kuamua shauri la wanazuoni, ila kwa habari ya masika twasimama na Kilatini.

Sasa neno kwa ndugu zetu walimu. Mwezi wa Aprili mvua ya Unguja aghalabu hupita milimita 300, na watoto wengine hutembea mwendo mrefu kuja shuleni. Mtoto afikaye amelowa akaketi darasani penye madirisha wazi hadi mchana, huyo amekaa mbele ya upepo akiwa na nguo ya mtungi. Sare ni jambo jema, walakini sare haikuwekwa ili mtoto atetemeke ndani yake. Na aruhusiwe sweta la rangi yoyote juu ya shati. Shule ikiweza, iweke kapu la fulana kavu, hata kuukuu, zilizofuliwa, mtoto avae moja huku shati lake limetandazwa kambani ukumbini; kengele ya mwisho aivue na kuirudisha. Vichwa na miguu vitazamwe pia. Afadhali mtoto avue viatu njiani, avichukue mfukoni, aje anawe miguu na kuvivaa vikavu, kuliko kukaa siku nzima na soksi zilizolowa.

Hapa twataka kuondoa dhana moja. Wazazi wengi husema, "Kanyeshewa, ndiyo maana ana malaria." Mvua haileti malaria, yaletwa na mbu anofelesi, naye huzaa katika madimbwi ambayo mvua hiyo hiyo imeyaacha. Aliyelowa akapata homa kali apelekwe kupimwa damu, asifunikwe mablanketi na kungojewa. Mtoto mwenye homa nguo zipunguzwe, wala zisiongezwe.

Na mtoto mchanga ni habari ya peke yake. Yeye hawezi kutetemeka kama sisi, kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake, na hupoa upesi hata katika nchi za joto kama yetu. Waganga hushauri asiogeshwe katika saa 24 za kwanza, akaushwe vema, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, na afunikwe pamoja naye; tena avae kofia, na nguo moja zaidi ya zile ambazo mtu mzima aona zamtosha. Mama ampelekaye kliniki siku ya mvua amfunge kifuani, ndani ya koti lake, wala si mgongoni nje ya koti, ambako mvua humpiga asimwone. Atazame tu pua na kinywa viwe wazi.

Kuna watoto wetu pia waendao bara kusoma au kufanya kazi, Lushoto, Mbeya, Njombe, Makete. Huondoka na masanduku yaliyofungwa kwa akili ya Unguja. Njombe, mwezi wa Juni na Julai, usiku hushuka chini ya digrii 10, na juu katika uwanda wa Kitulo umande huganda juu ya majani. Watu wa pwani wamelijua jambo hili kwa uchungu tangu zamani. Padre Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, alipouona mlima wa Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, aliuliza ule weupe wa juu ni kitu gani. Kiongozi wake akajibu ni "beredi", yaani baridi, maana lugha ya safari haikuwa na jina jingine la kitu kile. Charles New, mmisionari wa Kimethodisti, alipoupanda mlima huo mwaka 1871 akafika penye theluji, lakini wenziwe wa pwani walimshindwa njiani mmoja baada ya mwingine kwa ajili ya baridi. Hawakuwa waoga. Nguo zao zilikuwa za pwani.

Hata leo wapagazi wa mlima ule wako ambao hupanda na mizigo ya wageni wakiwa na nguo haba kuliko zilizomo ndani ya mizigo. Tangu mwaka 2003 uko mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ambao huwaazima nguo za mlimani bila malipo. Twautaja kwa shukrani. Wala mtu asidhani kwamba mlima wataka vitu vya ajabu. George Mallory, Mwingereza aliyepotea juu ya Everest mwaka 1924, mwili wake ulipoonekana mwaka 1999 ulikuwa na hariri, pamba na sufu, nyepesi nyepesi, zikifuatana, na gabadini juu kwa ajili ya upepo. Nguo kama zile zikashonwa upya, na mwaka 2006 zikajaribiwa mlimani kule kule. Zikaonekana nyepesi tena zenye joto. Kijana aendaye Njombe basi asinunue koti moja la fahari kwa fedha yote. Achukue fulana mbili za mikono mirefu, sweta mbili, koti moja la kuzuia upepo, kofia ya sufu na soksi, na katika usiku mkali avae zote.

Mwasema, fedha itoke wapi? Nendeni Darajani kwenye mitumba katika miezi ya kaskazi, Januari au Februari, jua likiwa kali na hakuna mtu aulizaye sweta. Muuzaji atafurahi kuliondoa mezani. Ili mjue mnunuacho, ombeni uzi mmoja kutoka mshono wa ndani, mkauchome nje ya duka. Uzi wa sufu hunuka kama nywele zilizoungua, nao huzimika wenyewe. Wa pamba hunuka kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Wa poliesta huyeyuka ukawa kishanga kigumu. Vyama vya akina mama wa kanisa vyaweza kununua kwa pamoja na kushona: sweta kubwa la mtu mzima, likikatwa vema, hutoa la mtoto na kofia mbili. Watakaobatizwa Pasaka wakumbukwe pia, kwa maana Pasaka mara nyingi huangukia katika masika, na kanzu nyeupe ya pamba ni nyembamba. Fulana kavu chini yake haionekani na mtu.

Tena ni kuzitunza. Sweta la sufu lioshwe kwa maji ya baridi, lisisuguliwe, lisikamuliwe kwa kusokotwa. Lizungushwe ndani ya taulo na kukandamizwa, kisha lilazwe juu ya mkeka, kwani likitundikwa hunyooka mikono ikawa ya mtu wa Goliathi. Siku za mvua kamba ya nguo iwekwe barazani chini ya paa, upepo upite, kila nguo mbali na mwenziwe kadiri ya mkono, na zile za shule zitangulie. Nguo ikunjwayo na unyevu kidogo tu huota koga kwa siku mbili. Jua likitoka hata kwa nusu saa kati ya mvua na mvua, toeni sanduku zima nje.